Nani wa kumpokea nahodha? Jinsi tunavyoyajibu mashairi ya siasa, madaraka na dini

Shairi la mapenzi likieleweka vibaya, hasara yake haizidi ugomvi wa watu wawili. Linalogusa dola au dini likieleweka vibaya, mtunzi huitwa mchochezi, kibaraka au kafiri kabla msomaji hajafika ubeti wa pili. Wapo wanaosema tatizo ni wasomaji wasioijua fasihi. Sikubaliani nao. Wasomaji hodari, wale wanaohesabu mizani kwa vidole, nao hukosana vibaya juu ya beti nne tu. Shairi la aina hii hutubana tujibu mambo mawili kwa mpigo: lile linalosemwa na shairi, na lile tunaloliamini sisi wenyewe. Hilo la pili ndilo lenye kelele, kwa hiyo la kwanza halisikiki.

Tuchukue ubeti mmoja tuutazame kwa karibu. Nimeutunga kwa ajili ya makala haya, ili asitafutwe mtu nyuma yake:

Nahodha wetu kalala, bahari imechafuka,
Mabaharia wakila, makasia yavunjika,
Sisi tumo kwenye sala, na maji yaongezeka,
Ni nani wa kumwamsha, chombo kisije kuzama?

Mizani ni nane kwa nane, vina vya kati ni -la, vya mwisho ni -ka, na mshororo wa nne ndio kibwagizo. Katika umbo hakuna utata. Utata huanza pale msomaji anapouliza: huyu nahodha ni nani?

Wengi watajibu papo hapo, na jibu litategemea wamekaa upande gani. Asiyeipenda serikali atamwona rais. Mwanachama wa chama tawala atamwona mwenyekiti wa upinzani anayeng'ang'ania kiti mwaka nenda mwaka rudi. Muumini aliyechoshwa na viongozi wake atamwona askofu au shehe. Kila mmoja atakuwa na hakika, na kila mmoja atadai ushahidi umo ndani ya shairi. Kumbe ubeti haukutaja mtu, umetaja wadhifa. Unahodha ni kazi, na aliyeishika anaweza kubadilika kila uchaguzi huku ubeti ukibaki vilevile.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi katika usomaji wa mashairi ya siasa. Tumezoea kulichukua fumbo kama kitendawili: ukishapata jibu, mchezo umekwisha. Msomaji akishalipata jina, anaacha kusoma. Kuanzia hapo anamtetea mwenye jina au anamshambulia, na shairi limebaki kando. Fumbo la siasa lina kazi nyingine. Linatuonyesha namna mambo yanavyokwenda kati ya mwenye madaraka, wanaomzunguka na wanaoumia, ili tuitambue hali hiyo popote tutakapoikuta, hata katika nyumba zetu za ibada na vyama tunavyovipenda.

Rudi sasa kwenye ubeti uone nani analaumiwa. Nahodha kapewa nusu ya mshororo wa kwanza. Mabaharia, yaani wale walio kazini chini yake, wamepewa nusu ya mshororo wa pili, na kosa lao ni la kula wakati makasia yanavunjika. Mshororo wa tatu ni wa abiria. Wao wamo kwenye sala na maji yanapanda. Anayemwona rais peke yake amewasamehe watu wengi.

Mshororo huo wa tatu ndio utakaoleta ugomvi wa dini. Atatokea wa kusema mtunzi anadharau sala. Ni swali halali, na halijibiwi kwa kumwambia muulizaji kwamba haelewi ushairi. Linajibiwa kwa kuangalia nani anasema. Katika shule za Kenya wanafunzi hufundishwa kumtafuta nafsineni, yaani msemaji aliye ndani ya shairi, na nafsinenewa, yaani anayeambiwa. Watu wazima wengi huliacha somo hilo kwenye chumba cha mtihani. Nafsineni wetu anasema "sisi tumo kwenye sala". Hayuko nje ya waumini akiwacheka, yumo ndani yao, pengine kapiga magoti nao. Kibwagizo kinapouliza ni nani wa kumwamsha nahodha, swali linamrudia yeye mwenyewe. Unaweza bado kusema kwamba anakosea, kwamba sala haikumzuia mtu kwenda kugonga mlango wa nahodha. Hiyo itakuwa hoja juu ya shairi lenyewe. Kumwita mtunzi adui wa dini ni hoja juu ya mtu usiyemjua.

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na utaratibu wake wa kujibu mashairi ya madaraka, nami naona ulikuwa na busara kuliko mazoea yetu mengi ya sasa. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, aliishi wakati Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, wakiutawala mji wake na Sayyid Said, sultani wa Omani, akiutaka uwe chini yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Pate, mji wa kisiwa jirani na Lamu, waliungana kuwashambulia Lamu, wakashindwa vibaya huko Shela, kwenye kisiwa hichohicho cha Lamu. Uhasama huo ulikuwa wa silaha, na ulikuwa wa beti pia. Muyaka alitunga akiwa upande wa Mombasa. Lamu walikuwa na Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na malenga kwa wakati mmoja. Beti zilikuwa kali, zenye vitisho na kejeli, na hakuna aliyejifanya kwamba ni burudani tupu.

Jambo la kuzingatia katika kujibizana ni sharti lake. Anayejibu hushika bahari ileile, yaani mtindo uleule wa utunzi, aghalabu na vina vilevile, na mara nyingi huichukua taswira ya mwenzake akaigeuza. Kwa mtazamo wa haraka hilo ni pambo tu. Kwa kweli ndilo linaloshikilia mjadala wote. Huwezi kufuata vina vya mtu bila kumsoma neno kwa neno. Huwezi kuigeuza taswira yake kabla hujaielewa. Hasira unayo, lakini kabla ya kuitoa unalazimika kumsikiliza mpinzani wako, na hadhira inayowafahamu nyote wawili itajua mara moja kama umemjibu au umepiga kelele tu.

Tuseme msomaji mmoja haukubali ubeti wangu. Anaona nahodha anaonewa. Kwa utaratibu huo wa kale angejibu hivi:

Ndugu, kisa cha kulala, ni usukani kushika,
Siku nenda bila kula, hata mwili ukachoka,
Usiidharau sala, kwayo ndipo twaokoka,
Nani wa kumpokea, chombo kisije kuzama?

Angalia alichokifanya. Nahodha kalala kweli, hilo hakulikana. Amelitolea sababu: mtu mmoja ameachiwa usukani siku nyingi mno. Neno "kula", ambalo kwangu lilikuwa kosa la mabaharia, kwake limekuwa njaa ya nahodha. Sala ameitetea waziwazi. Kisha amelibadilisha neno moja la kibwagizo. Mimi niliuliza nani wa kumwamsha, yeye anauliza nani wa kumpokea, yaani wa kushika zamu. Swali la uzembe wa kiongozi limegeuka swali la kwa nini hakuna zamu, na hilo huenda likawa kali kwa serikali nyingi kuliko langu. Hatukukubaliana, lakini sasa aliyetusoma wote wawili anajua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelisema peke yake.

Desturi hii haikuishia kwenye mabaraza ya mwambao. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na wasomaji wakawa wanaulizana na kujibizana kutoka toleo hadi toleo, watu wa pwani na wa bara. Mtu aliyekuwa hajawahi kuonana na mpinzani wake alilazimika kumjibu kwa bahari yake, na muda wa kungoja toleo lijalo ulikuwa muda wa kufikiri.

Kuna msomaji mwingine ambaye mtunzi hakumwalika, naye ni dola. Dola husoma kwa jicho lake: inatafuta kosa linaloweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mfano ulio wazi ni wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", wa nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo shairi, usio na mafumbo, akiikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alikamatwa, akafungwa miaka mitatu. Akiwa gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Wengine hukitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba ushairi ni namna ya kujificha. Ni kweli kwamba fumbo humkinga mtunzi kwa kiasi; katika shairi lake kuhusu mamba, Abdilatif mwenyewe anasema atalifumba jambo ili wafumbue wanaoweza. Lakini mtu aliyekwisha kufungwa kwa kusema waziwazi hawezi kuambiwa anajificha kwa woga. Soma lile shairi lake la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa nchi, na mavuno yake kuwa matunda ya uhuru. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kila ndugu amepewa ulimi wake. Mtunzi aliyekuwa na kila sababu ya kumnyima mpinzani nafasi ya kusema, alimpa. Waraka ulisema msimamo mmoja, wa mwandishi wake. Shairi linamweka msomaji katikati ya wawili wanaovutana, na ni juu yake kupima.

Kuna upande wa pili wa historia hii ambao husifiwa bila kuchunguzwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, washairi wa Tanzania waliitikia wito wa kulifafanua kwa wananchi, na Mathias Mnyampala akaipa umaarufu ngonjera kwa kazi hiyo. Katika ngonjera watu wasiokubaliana hubishana kwa beti, mmoja asiyejua na mwingine anayejua, hadi asiyejua aridhike na wote wawe na neno moja. Watoto wa shule walizikariri, zikawasaidia katika lugha na katika kuyajua mambo ya nchi yao, na siidharau kazi hiyo. Ila kwa msomaji ni kitu tofauti kabisa na kujibizana. Maswali na majibu yote yametoka kwenye kalamu moja, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Mwenye shaka ndani ya ngonjera hashindi kamwe. Shairi la siasa la aina hiyo humwomba msomaji aitikie, basi. Ukilisoma leo, swali lenye faida ni lile ambalo mwenye shaka hakuruhusiwa kuliuliza.

Mnyampala huyohuyo, Mkristo wa Dodoma, aliitunga Injili kwa utenzi, umbo lililokuzwa na Waislamu wa mwambao. Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, jumuiya ya Kiislamu, kisha meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere. Siasa, madaraka na dini vilikutana katika mtu mmoja, na sheria zake za vina na mizani zikawa mali ya kila aliyetaka kuzitumia, wa dini yoyote. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alipochapisha mashairi huru katika "Kichomi" mwaka 1974, ulizuka ugomvi mrefu: je, lisilo na vina ni shairi? Ugomvi huo una uzito wake, nami sitauingia hapa. Nasema jambo moja tu, kwamba "hili si shairi" limekuwa kimbilio rahisi la msomaji ambaye hataki kujibu lililosemwa. Kama mstari umekuuma, uliuma kabla hujahesabu mizani.

Katika dini ugumu huongezeka, maana msomaji anaweza kuumia kweli, na maumivu yake si ujinga. Ninaloliomba ni kwamba atofautishe mambo ambayo shairi la dini huweza kuwa. Linaweza kuwa dua. Linaweza kuwa mawaidha. Linaweza kuwa lawama kwa watu wa dini, wala si kwa dini. Na linaweza kuwa malalamiko kwa Mwenyezi Mungu, ambayo ndiyo hutisha zaidi. Lakini malalamiko hayo yana mahali pa heshima katika maandiko: Zaburi ya 22 inaanza kwa mja kumuuliza Mungu wake mbona amemwacha. Huko Bara Hindi, mshairi Mwislamu Muhammad Iqbal alitunga shairi la Kiurdu ambamo Waislamu wanamlalamikia Mungu kwa kudhoofika kwao, na baadhi ya watu wa dini wakachukizwa. Mwaka 1913 alitoa la pili, ambamo Mungu anawajibu, na jibu ni kali kwa walalamikaji kuliko lalamiko lilivyokuwa. Aliyemhukumu kwa lile la kwanza peke yake alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo.

Wanaowashuku washairi hupenda pia kuinukuu Sura ya Ash-Shuaraa katika Kurani, aya ya 224, inayosema kwamba washairi hufuatwa na wapotovu. Aya ya 227 inawatoa katika hukumu hiyo wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Anayeishia ya 224 ameisoma Kurani kama wengi wanavyosoma mashairi: ameshika mstari uliomfaa, akaufunga msahafu.

Shairi moja linaweza pia kuwa la dini na la siasa bila kugawanyika. "Al-Inkishafi", utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unauzungumzia moyo wa mtunzi mwenyewe. Mtunzi anauonya moyo huo usidanganyike na dunia, kisha anauonyesha Pate: majumba yaliyojaa taa na watu, sasa magofu, madaka ya ukutani yaliyopambwa kwa sahani za kauri, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Shehe akilisoma huona mawaidha juu ya kifo na Akhera. Mwanahistoria huona anguko la tabaka la matajiri waliochoshwa na vita na kuporomoka kwa biashara. Nimesikia kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amelisoma vibaya. Mimi naona hoja ya kidini inasimama juu ya yale madaka. Bila Pate ya kweli, yenye mabwana wa kweli waliojiona hawatakufa, mawaidha yangekuwa maneno ya jumla tu. Na bila Akhera, magofu yangekuwa habari ya mji mmoja uliofilisika. Anayeitenga siasa na dini ndani ya shairi hili hubaki na nusu isiyo na nguvu.

Je, mtunzi naye ana haki gani? Shairi likishatoka, yeye ni msomaji mmojawapo wa kazi yake, ila ni msomaji anayeweza kusema "hilo sikulisema" na akastahili kusikilizwa. Hana haki ya kudai kwamba maneno yake yana maana ile tu aliyokuwa nayo moyoni, kama mwenyewe ameyafumba. Akiandika nahodha, akubali kwamba wengine watamwona askofu. Msomaji naye akubali kwamba neno lake lina mpaka. Unaweza kulivunja shairi vipandevipande, ukasema taswira yake ni ya uongo, hoja yake ni dhaifu, imani yake imepotoka. Ukianza kuulizia mtunzi anakaa wapi, anaabudu wapi, anaajiriwa na nani, hapo umeliacha shairi na kumwandama mtu, na wale watu wa Mombasa na Lamu waliokuwa vitani kweli walijua kujibu ubeti kwa ubeti.

Si kila mtu anaweza kutunga, na hailazimu. Kwa anayejibu kwa nathari, sharti la vina linaweza kubadilishwa kuwa hili: nukuu mshororo uliokukera kama ulivyo, sema kwa maneno yako unachodhani nafsineni anakidai, mpe nafasi hata kama humpendi, halafu mpinge kwa nguvu zako zote. Na ukiweza kubadilisha neno moja tu katika kibwagizo chake swali zima likageuka, fanya hivyo. Hilo litamsumbua kuliko matusi, na huenda likamfanya aandike ubeti wa pili.